Sifa za Mama Mkwe

Mwenzangu, nimefika nyumbani sasa hivi kutoka mahakamani. Nimechoka, hata viatu sijavua.

Ile kesi ya ajali ilikuwa inaenda vizuri. Mimi nadai dereva wa lori alikuwa anakwenda mbio, yeye anadai mimi sikuwa natazama barabara. Basi wakili wangu akamwita shahidi wetu, mama mkwe, maana siku ile alikaa kiti cha nyuma cha gari langu.

Mama wa watu alitaka kunisifia tu! "Mheshimiwa, mkwe wangu huyu ana adabu. Nikimsemesha hanipi kisogo. Anageuka, ananitazama usoni."

Wakili wa lori akasimama polepole. "Hata akiwa anaendesha, mama?"

"Hata akiwa anaendesha."

"Na siku ile?"

"Siku ile ndiyo kabisa. Nilikuwa namsimulia habari za dada yangu."

Eti anageuka, ananitazama usoni!! Mbele ya hakimu! Wakili wangu aliinama kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

Hakimu akatugawia kosa nusu kwa nusu, lori kwa kwenda mbio, mimi kwa kutotazama mbele. Nikate rufaa ya nini, wakati ni kweli tupu?

Sasa sikia. Tukiwa njiani kurudi, mama akaniita kutoka nyuma. Nikaitika vizuri, lakini macho mbele. Akaniita tena. Macho mbele.

Halafu nikamsikia anampigia mume wangu simu.

"Mwanangu, mkeo ameanza kiburi. Leo kanipa kisogo njia nzima."