Jiwe la Tochi ya Baba Mkwe

Shangazi Stumai, shikamoo. Naomba unisaidie upesi kwa sababu uchumba wangu unaning'inia kwenye betri moja ya tochi, na nikisema hivyo wenzangu hapa ofisi ya walimu wanacheka mpaka wanashika matumbo, lakini mimi hata chakula hakipiti.

Naitwa Godson, nimezaliwa Marangu, na huu ni mwaka wa nne nafundisha Sayansi katika shule moja ya msingi hapa Kasulu, ambako nilimpata Vestina, fundi cherehani mwenye heshima zake na ulimi mwepesi, nikajitosa. Kwao ni Mabamba, kule Kibondo mpakani, na baba yake ni Mzee Nduwayezu, mkulima wa maharage na mfugaji wa nyuki, mtu wa maneno machache ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani na familia ikapata uraia. Siku ya kupanga mahari alitaja ng'ombe, akataja blanketi la mama, halafu akanitazama akasema, "Na tochi, mukwe. Yenye mwanga wa kweli. Ya kwenda kwenye mizinga." Nikasema hiyo ndogo, mzee.

Shangazi, nilinunua tochi nzuri sana, zile fupi nene za chuma zinazotumia betri moja ya lithiamu ya kuchaji, na ilikuja na betri yake ndani imeandikwa 2600, ndicho kipimo cha umeme inaobeba, na hapo ndipo shetani wa hesabu aliponiingia, kwa sababu wiki hiyo nilipita Manyovu nikaona kwenye meza ya mchuuzi betri ya umbo lile lile, nyekundu, imeandikwa 9900, nikasema moyoni baba mkwe hawezi kupewa elfu mbili wakati elfu tisa ipo, nikainunua, nikaitia kwenye tochi ya mzee, na ile 2600 nikaiweka kwenye tochi yangu mwenyewe, maana nayo hutumia betri ya umbo hilo hilo.

Siku ya kupeleka mahari mzee akawachukua wageni wake mchana kweupe, akaingia nao kwenye ghala la maharage, akafunga mlango ili waone mwanga, na kweli tukasikia wanashangilia, lakini hawakumaliza kushangilia, ikafifia, ikapepesa, ikazima, na sisi tuliobaki nje tukawa tunasikia wakwe wanajikwaa kwenye magunia. Mzee akatoka na vumbi kichwani, akasema kwa upole, "Jiwe limechoka. Si kitu, nitalianika." Mimi nikadhani anazungumzia maharage.

Jumapili iliyopita Vestina alirudi kutoka kwao akaniambia kwamba baba yake ameiweka ile betri juu ya bati siku ya tatu sasa, anaigeuza kama dagaa, jioni anaing'ata kidogo ili iamke, na gamba lake jekundu limeanza kujikunja, na amesema jiwe likikataa kufufuka wazee watakaa upya, kwa sababu mkwe anayeleta kitu kilichokufa huenda na maneno yake ni hivyo hivyo. Harusi ni mwezi ujao, Shangazi, na kadi zimeshagawiwa. Vestina akaniuliza, "Godson, wewe uligusa kitu ndani ya ile tochi?" nikamjibu hapana, ilivyotoka dukani ndivyo nilivyoipeleka.

Sasa kuna jamaa hapa mjini anazo za 12000, nataka nichukue mbili nimpelekee mzee yaishe kimya kimya. Je, ninunue hizo, au zipo zenye namba kubwa zaidi?

Mwalimu Godson, Kasulu

*

Mwalimu Godson, marahaba mwanangu, na pole. Nimecheka kwanza, nikakuonea huruma baadaye, sitakuficha.

Suala la bati sikulisubirisha gazeti. Namba yako ya simu ulikuwa umeiandika, nikakutumia ujumbe siku ile ile kwamba mpigie mzee aiteremshe betri. Ukanijibu ameshaiteremsha, ila ameiweka chini ya mto wake ipate joto la mwili. Mpigie tena! Aiweke nje, kwenye kopo la mchanga, mbali na nyumba na mbali na meno yake.

Mzee usimlaumu. Wazee wa huku betri wanaiita jiwe, na sote tuliokulia huku tumeanika mawe ya redio. Jiwe la zamani lilikubali kuanikwa, likakubali hata kung'atwa, na likakupa taarifa ya habari moja zaidi kabla ya kuzima. Lithiamu haikubali. Ikipata joto kali, au jino likaibonyeza, inaweza kufuka moshi na kuwaka, na haiulizi kama aliyeishika ni baba mkwe. Wewe ndiye uliyepaswa kumweleza siku ile ile pale ghalani. Lakini ulidhani ni maharage! Miaka minne Kasulu, mwalimu mzima, na hujawahi kumuuliza mtu jiwe ni nini?

Sasa tuje kwenye hiyo namba yako. Kabla sijaanza kusuluhisha ndoa za watu niliuza tochi na vifaa vya sola sokoni Kibondo miaka kumi na mmoja, kwa hiyo hapa huniambii kitu. Betri ya ukubwa ule, ikiwa nzuri kweli, utakuta imeandikwa elfu mbili na kitu au elfu tatu na kitu. Inayodai elfu tisa inadai tu, na hiyo ya elfu kumi na mbili ni kaka yake kwa uongo. Mwanafunzi akikuletea karatasi ya alama mia tatu kwa mia si utamwita mzazi wake? Lakini wewe uliiona namba ukatoa pochi. Na mtu wa Marangu! Watu wa kwenu tunawaogopa sokoni, kumbe tulikuwa tunaogopa bure.

Ukinunua betri nyingine ukataka kuhakikisha, jirani zako wa sekondari wana mizani ya gramu maabara. Betri halali ya umbo hilo inakaribia gramu arobaini na tano au inazidi kidogo. Hiyo ya Manyovu sitashangaa ikishindwa kufika thelathini na tano. Fundi mmoja aliwahi kunionyesha tumbo la betri ya namna hiyo: ndani kulikuwa na kibetri kidogo, na pembeni wamejaza unga mweupe. Wewe usipasue, mwachie fundi.

Tena tochi kali inakunywa umeme kwa pupa. Dumu lenye mdomo mwembamba halijazi ndoo haraka hata likiwa kubwa namna gani, na lako hata kubwa halikuwa. Siku nyingine soma karatasi ya tochi inataka ampea ngapi, umuulize muuzaji betri yake inatoa ampea ngapi mfululizo. Akikujibu "hii ni kali sana, bosi," muage. Angalia pia kichwa cha betri, kwa sababu nyingine zimechomoza na nyingine ni bapa, na bapa kwenye tochi isiyoitaka haigusi chuma. Chaja iwe ile inayokata yenyewe betri ikijaa. Na gamba likichanika, betri hiyo imestaafu, hata kama bado inawaka.

Basi, somo la betri limeisha, na kusema kweli halikuwa tatizo lako. Umeniandikia ukurasa mzima wa namba, na Vestina umempa mstari mmoja. Msichana alikuuliza jambo kwa jina lako, uso kwa uso, ukamdanganya. Betri ulikosea kwa kumpenda mzee, hilo nalisema waziwazi: uliona kubwa ukampa kubwa, ukajibakizia ndogo. Mkwe wa namna hiyo hata mimi ningemtaka. Lakini kwa uongo ule hukumpendelea mtu mwingine yeyote, ulijihurumia mwenyewe, na kwa hilo nimekukasirikia.

Za 12000 usinunue, hata moja. Mzee ataanika mbili badala ya moja.

Fanya hivi. Itoe ile 2600 kwenye tochi yako, maana ilizaliwa ndani ya tochi ya mzee na ni mali yake. Leo hii, kabla ya kupanda gari la kwenda popote, nenda anakoshonea Vestina, uiweke mkononi mwake, umwambie ilitoka wapi na kwa nini ulimficha. Akikasirika ana haki. Usimkatize, usimletee soda, kaa pale mpaka amalize. Kisha mwombe mfuatane Mabamba Jumamosi, mchana. Ukifika umwambie mzee kwa kinywa chako, "Baba, niliona namba kubwa nikadhani ndiyo heshima." Tia betri yake ndani ya tochi, mfundishe kuchaji, umweleze jiwe hili halitaki jua. Mtu wa nyuki ameshaona asali nyingi iliyoongezwa maji ikauzwa kwenye dumu zuri, sidhani kama utahitaji kumweleza mara mbili. Wazee wakitaka kukaa upya, kaa nao, ujibu unachoulizwa.

Unaweza pia kunyamaza, sitakuwepo kukuzuia. Ila fikiria: tochi yako itahamia nyumba moja na Vestina mwezi ujao, na boksi la tochi ya baba yake bila shaka bado liko Mabamba, limeandikwa betri ya 2600. Siku moja utakuwa kazini, tochi itakataa kuwaka, ataifungua mwenyewe, atasoma namba ile ile ya kwenye boksi. Heri asikie kutoka kwako leo, ukiwa bado mchumba.

Shangazi Stumai