Diski ya Mama Imekubali

Chumba cha juu, nyuma ya duka la viatu
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini. Shemeji hajambo? Wanangu je, bado wanagombania kukaa dirishani? Sisi huku wazima. Mwanao ana meno manne sasa, na yote anayajaribu kwenye bega langu.

Nina habari, Dada, na ukisoma usiruke mistari, maana katikati inatisha lakini mwisho ni mzuri.

Ile video ya Mama, uliyoniambia niitoe kwenye kamera kabla kamera yenyewe haijafa, niliipeleka kwa fundi wa video. Akanishauri tuihamishie kwenye diski za blurei, zile za picha safi kabisa, maana DVD ya kawaida ingepunguza ubora. Nikamwambia weka hizo hizo, Mama hapunguzwi. Akatengeneza mbili, yako na yangu. Halafu akauliza kama afute kadi ya kamera. Nikasema futa, nataka nafasi ya kumrekodi mtoto akianza kutembea.

Nyumbani nikaitia diski kwenye deki yetu. Deki ikakoroma, ikaitema. Nikaipangusa, nikairudisha, ikaitema tena. Ya pili, vilevile. Baba mtoto akaipiga deki kofi, akapuliza ndani, wapi! Kadi tupu, diski haziongei, na ile ndiyo sauti pekee ya Mama tuliyobaki nayo. Na wewe hata mazishi hukuyawahi.

Siku tatu chakula hakikupita. Shangazi alipouliza nina nini, nikasingizia jino. Simu zako niliziona, Dada. Niliogopa kupokea. Nisamehe.

Siku ya nne nikambeba mtoto, nikaenda kwa fundi macho yamevimba. Nikamwambia, "Umenifutia mama yangu."

Akazigeuza diski, akauliza, "Deki yako ya lini?"

"Tulipewa harusini, nayo ilikuwa imeshatumika."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama wee, hiyo ni ya DVD tu! Kuipa blurei ni kama kumpa huyu wa meno manne mfupa atafune. Lakini kosa ni langu, ningekuuliza kwanza." Akaitia diski moja kwenye mashine yake.

Dada, Mama huyo! Yuko jikoni, anageuka na mwiko mkononi. "We mtoto, unanipiga picha na sufuria linaungua?" Nililia pale pale, ila si kilio kile cha mwanzo.

Picha safi mpaka unaona uzi. Kile kifungo cheusi ulichomshonea kwenye gauni la bluu kabla hujasafiri, kipo. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuwahi kukiona. Anakigusa, anasema, "Vya dukani vimeng'oka mara ngapi? Hiki cha Mkubwa wangu hakitoki."

Mwanao akataka kukichuma, akapaka mate kioo kizima. Fundi anapangusa huku ananung'unika, "Bibi anaunguza sufuria, mjukuu ananimalizia kioo."

Amenifanyia na nakala ya DVD, na deki yetu imeikubali. Picha imefifia kidogo, sauti ni ile ile. Juzi nimepika na Mama anagomba nyuma yangu, nikala sahani mbili.

Blurei yako ndiyo hii, nimeivalisha soksi ya mtoto isikwaruzike. Muulize kwanza Shemeji kama deki yenu inazisoma. Ikiitema, usilie kama mimi, tafuteni mwenye mashine yake. Mama yumo.

Nisalimie Shemeji na wanangu wote. Baba mtoto anakusalimu. Shangazi naye, bado analiulizia jino langu. Mungu akutunze mpaka siku tutakayoitazama tukiwa tumebanana kwenye kochi moja. Ukifika pale kwenye kifungo, Dada, rudisha nyuma usikilize tena. Anakutaja wewe.

Mdogo wako akupendaye, aliyepona jino,

Kitinda