Nilipogonga Gamba Nikadhani Nimegonga Jiwe

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kwa fujo, na mimi nimejaa fahari mpaka chakula hakipiti.

Bustani yetu hapa Nyamagana ina jiwe kubwa lililokaa juu ya mengine, na watu hupumzika kivulini mwake. Kila mgeni huuliza nani alilipandisha. Jamani, hakuna! Lilikuwa ardhini, mvua za miaka isiyohesabika zikasomba udongo, lenyewe likabaki pale pale.

Wiki iliyopita kamati ya bustani iliniita mimi, mwanajiolojia wao, niseme kama litaanguka. Niligonga ubavuni, likaitika kama debe tupu. Nikaandika: limeoza, lipasuliwe.

Leo wamekuja wapasua mawe kutoka Kiseke, na kuni za kulichoma mpaka lipasuke. Wa kwanza kushuka garini ni mama yangu.

Nilimpa "shikamoo mama" ile ile niliyowapa wenzake, nikainamia karatasi zangu. Ndiyo, nilimwonea aibu mbele ya wakubwa. Naandika hapa ili initoke.

Mama hakuwasha moto. Alilizunguka jiwe, akagonga, akatega sikio, akapanda juu kidogo, akagonga tena. Kisha, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, kamati nzima ikisikia:

"Ng'wanawane, umegonga gamba. Gonga mwili."

Nikagonga alipoonyesha. Likalia kama kengele ya kanisa.

Mawe yetu hubanduka magamba kama kitunguu. Nilisoma hilo chuoni, nikafaulu vizuri, halafu nikalisahau nikiwa nimeligusa jiwe lenyewe! Gamba likibanduliwa, jiwe halina neno. Wenzake wakanung'unika, maana kazi ya siku kadhaa imeyeyuka.

"Mawe ya kokoto Mwanza yamekwisha?" Mama akawauliza. "Hili zima mnalivunjia nini?"

Katibu wa kamati akafungua daftari. "Huyu mama tumwandike mtaalamu wa nini?"

Kuanzia sekondari mpaka chuo, penye kazi ya mzazi niliandika: mkulima. Mama yangu hajawahi kulima hata tuta la mchicha. Ada yangu yote ilitoka kwenye nyundo.

"Mpasua mawe," nikasema, kwa sauti hadi walioko getini wakageuka. "Ni mama yangu mzazi. Jina lake liandike juu ya langu."