Nondo za Katikati

Golini, Kwale
Jumanne, wiki ya pili baada ya Idd

Kwa kaka yangu Swabir, Mackinnon Road.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la malori ulichokuja nacho Idd kimekuachia. Mchumba wako Hafsa nilikutana naye juzi Kombani, hajambo, akaniagiza nikusalimie, ingawa najua salamu zake unazipata kwa simu kila jioni. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anasali na analalamikia goti lake, kwa hivyo ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na hata ungepokea ungenikatia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nimempa barua Mangi, kwa kuwa anakuja huko kukutana nawe juu ya milango, na nimemwomba asiondoke mpaka uimalize. Usimkasirikie. Fundi wako ni mtu mwema, ingawa mimi nilimdhania vingine, kama utakavyosoma.

Wajua kilichonirudisha nyumbani. Chuo kilinitaka nichague mahali pa kufanyia utafiti wangu wa uzamili juu ya maporomoko ya ardhi, nami nikasema mteremko ninao, uko nyuma ya jiko la mama yangu. Kazi yenyewe haina uchawi. Udongo wa mlimani hauporomoki tu kwa siku moja. Mara nyingi huanza kwa kutambaa, polepole, hata aliyejenga juu yake asihisi. Basi nikakata nondo, nikazipigilia kwa mstari mmoja ulionyooka kuvuka shamba letu, za mwisho huku na huku nikazikita kwenye mwamba na za katikati kwenye udongo. Mwamba hauendi popote. Udongo ukitambaa, nondo za katikati hushuka nao na mstari hupinda.

Mvua zote za vuli zikapita, njia ikakatika, mbuzi wa jirani wakasombwa, na mstari wangu haukupinda hata unywele. Kwa hivyo uliponiuliza kama unaweza kujenga pale chini, mimi ndiye niliyekwambia ujenge. Nilikwambia kwa madaha, kama daktari anayempa mtu ruhusa ya kula nyama. Ukamwita Mangi, ukachimba msingi, ukamwahidi Mama kwamba masika haya atalala chini ya bati jipya pamoja na mkazamwana wake.

Dakta Nereah, mwalimu anayenisimamia, ndiye wa kwanza kutilia shaka. Aliniambia vipimo vyangu ni visafi kupita kiasi, kwamba udongo wa mfinyanzi uliolowa vile hautulii namna ile. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayefunua chungu cha mwenzake, shamba lile ni la nani. Nikamjibu ni la kwetu. Hapo nikaelewa. Alidhani napika hesabu ili ardhi yetu isiharibikiwe jina. Niliumia sana, kaka, kwa sababu katika maisha yangu nimefanya ukaidi wa kila namna lakini sijapata kusema uongo kuhusu kazi.

Nikarudi kuzitazama nondo kwa makini. Vichwa vya zile za katikati vilikuwa na alama mpya za kugongwa, na kando ya kila moja, upande wa bondeni, palikuwa na kishimo kilichofukiwa na kukanyagwakanyagwa. Kuna mtu alikuwa akizing'oa na kuzirudisha kwenye mstari. Tangu hapo sikuwa mtu tena. Nikawa nashuku hata kuku.

Nilianza na Mangi, maana nyundo anayo na kamba anayo. Nikawa nakwenda kukaa msingini nikijifanya napenda kutazama mawe yakipangwa. Maskini akadhani nimempenda, akaanza kuvaa shati la Ijumaa kazini. Nilipoona hivyo nikaacha. Kisha nikavipaka grisi vichwa vya nondo, nikasema atakayezigusa nitamjua kwa mikono. Ijumaa ile ukaja wewe, ukanipa mkono, na kiganja chako kilikuwa cheusi kwa grisi. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Nilisahau kabisa kwamba wewe unauza vipuri vya malori, na kwamba tangu ufungue duka hujapata kuwa na mikono myeupe.

Hoja yangu ilikuwa kwamba unataka nyumba yako, na unajua mstari ukipinda nitakukataza, basi unaunyoosha. Ndiyo maana siku ya Idd, uliposema mbele ya wajomba wa Hafsa kwamba nondo zangu si za masomo bali ni mipaka, kwamba nimeshaligawa shamba la marehemu Baba bila kukuuliza, juu kwenye mikorosho kwangu na bondeni kwako, nami sikuweza kunyamaza. Nilikuita mwongo na mwizi wa vipimo. Pilau ikapoa. Ukaondoka bila kumuaga Mama vizuri, na tangu siku hiyo hatujasemezana.

Kesho yake, baada ya alasiri, Mama akaniita chumbani akafunga mlango. Alilia kabla ya kusema. Akaniomba nimwogope Mungu, niache kumpunja kaka yangu. Nikamwuliza nimekupunja nini. Akasema yeye hakusoma lakini haoni vibaya, kwamba tangu vuli amekuwa akiziona nondo zikiteremka kidogokidogo kuelekea upande wako, na kwamba kila akizikuta zimeshuka alikuwa akivuta kamba ya kuanikia nguo, kutoka ile ya mwisho huku hadi ile ya mwisho kule, akazirudisha mahali pake kwa jiwe la kupondea, akizishika kwa kitambaa cha jikoni. Hakumwambia mtu. Hakuniambia hata mimi. Alikuwa akimsitiri binti yake asijulikane kuwa mwizi wa ardhi, akitumai nitaona haya mwenyewe na kuacha.

Kisha akaongeza jambo moja. Akasema nilikuwa mjanja, kwa sababu nilisogeza za katikati tu na za mwisho nikaziacha, ili tusigundue.

Umeelewa, Swabir? Za katikati tu. Sikuzisogeza mimi, wala wewe, wala Mangi. Mlima ndio uliokuwa ukishuka vuli nzima, na mama yetu alikuwa akiupandisha kwa jiwe la kupondea. Jibu nililokupa lilikuwa la uongo bila mimi kujua, na msingi wako umechimbwa mbele ya udongo unaokuja. Mlango wa jiko usiofungika, ule tuliosema umevimba kwa unyevu, nimeupima: fremu imekwenda upogo.

Nilimweleza Mama yote. Nikamwomba asiziguse tena, naye akaapa. Mvua za mwanzo zilipopita nikampeleka akaone, na mstari umepinda shibiri nzima. Alitazama, akajifunga leso yake, akasema nimezisogeza tena. Anaamini kisa cha mlima ni hila yangu nyingine ya kukuzuia usijenge. Dakta Nereah amesema tuache habari za kuandika, tuwatoe watu kwanza. Lakini Mama hatoki. Anasema akihama leo, watu watasema watoto wa Abdurahman wamegombea shamba hadi wakamfukuza mama yao. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, na masika yenyewe bado hayajaanza.

Najua nawe huna sababu ya kuniamini baada ya niliyokuita. Nisamehe, kaka. Na kwa kuwa sote watatu tumeshukiana kwa ajili ya shamba, basi nasema hivi, na Mangi nimemsomea maneno haya awe shahidi: fungu langu katika shamba la Golini nimekupa wewe, juu na chini, mikorosho na mnazi wa mwisho, na sitalidai mimi wala watoto wangu. Sasa shamba lote ni lako na sina ninachoweza kukuibia. Njoo umtoe Mama.

Nisalimie wote hapo dukani. Mama anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini. Mungu akuongoze njiani, na usingoje Ijumaa.

Ni mimi nduguyo,
Subira Abdurahman