Shairi na Uzi wa Mama Joan

Phelix, nimeaibika! Mimi, mshairi wa Mogogosiek nzima!

Nilienda kwa akina Joan nimkaririe mama yake shairi langu, ajue binti yake anapendwa na nani. Kumbe akina mama wa kanisa wamejaa hapo, wanafuma masweta ya baridi ya Julai.

Sijafika ubeti wa pili, mama yake akasema, "Kijana, lete mikono." Akanivisha kitanzi cha uzi wa kufumia mikono yote miwili, Joan akaanza kuuzungusha uwe donge. Phelix, nilikariri mapenzi nimefungwa kama ndama wakati wa kukamua! Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Nilipomaliza, mama yake akabonyeza lile donge. "Huyu mikono yake imetulia. Arudi Alhamisi atushikie uzi."

Nikauliza, "Na shairi, mama?"

"Hilo uliache kwenu."

Nimekubali, Phelix. Mimi! Nimekubali!