Kurasa Mbili Kila Jumatano

Jumatano. Nyakahura. Ukungu tangu alfajiri.

Leo ukungu ulishuka mpaka barabarani, na malori ya kwenda Nyakanazi yalisikika kabla hayajaonekana. Nilitembea kwenda kazini kama mtu aliyeamka nusu. Wiki hizi zote nimekuwa hivyo. Naanza kufuta rafu, mkono unasimama, akili inaondoka kwenda kutembea, na ikirudi hainiambii ilikuwa wapi.

Naandika haya nikiwa mezani kwangu, maktaba. Ni saa kumi na moja kasoro jioni, mlango uko wazi, na ni siku ya gulio. Anayenifahamu atajua kwamba hapo kuna mambo matatu yasiyokaa pamoja.

Kwa wasionifahamu: maktaba yetu ni chumba kimoja, zamani kilikuwa stoo ya mbolea, kando ya njia inayoingia gulioni. Rafu sita, meza mbili ndefu, dirisha moja la kioo. Mimi ndiye mkutubi, mfagiaji na mwenye kuwaambia watu wanyamaze. Nimezaliwa Bugarama, upande wa Ngara, na huku nimeletwa na kazi.

Nina kasoro moja, na leo naikiri. Napenda vitabu vikae mahali pake. Mtu akichomoa kimoja, namfuata kwa macho mpaka akirudishe. Kila anayeingia anaandika jina kwenye daftari la wasomaji, kijiji chake, namba ya kitambulisho, kisha sahihi. Anayetaka kuazima anakuja na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Tangu nifike sijapoteza kitabu hata kimoja, na wageni kutoka wilayani wakija huwa naanza na hilo, kabla hata hawajakaa. Wananipongeza, nami najipiga kifua.

Vitabu havijapotea kwa sababu havijatoka. Nilikuwa najua, ila sikupenda kujisikia nikisema.

Halafu Jumatano. Siku ya gulio nilikuwa nafunga saa sita. Watu wanatoka vijiji vya mbali, wanapita mlangoni na mbuzi, na matenga ya nyanya, na vumbi, na kelele. Nilikuwa nasema mazingira hayaruhusu kusoma. Kwa hiyo siku moja tu katika wiki ambayo watu wanakuwa wengi hapa, ndiyo siku mimi nilikuwa nafunga mlango na kwenda kununua dagaa.

Sasa nieleze kuhusu dirisha.

Kwenye semina tulielekezwa tuoneshe vitabu ili watu wavutiwe. Nikaweka kimoja dirishani, kimefunuliwa, kinaangalia nje. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa na picha nzuri ya mzinga wa nyuki. Ni hadithi ya binti anayefuga nyuki, ana kaka aliyeondoka. Hayo niliyajua kutoka kwenye jalada la nyuma. Kila Jumatano asubuhi nilifunua ukurasa, si kwa ajili ya msomaji yeyote, bali jua lisije likaunguza karatasi zile zile mbili.

Nje, chini ya dirisha, kuna benchi, na pembeni yake Mama Kulwa anakaanga mihogo na kuuza chai. Kila Jumatano alikuja bibi mmoja na kikapu cha maharage, anakitua, anakaa. Nilidhani anapumzika. Nilimwona miezi kadhaa, na kichwa changu kikamweka kwenye fungu la watu wanaopumzika.

Mwezi uliopita nikaugua malaria. Jumatano ile nilikuja kazini nikiwa bado natetemeka, sikukumbuka dirisha. Kama saa tano nikasikia kioo kinagongwa kwa kucha, taratibu. Nikatoka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwarimu. Leo hujafunua.”

Nikageuka kukitazama kitabu. Kurasa mbili kila Jumatano. Amekuwa akisoma kitabu changu kupitia kioo, kurasa mbili, kisha anarudi kwake kulima, anakaa nazo wiki nzima, anarudi kuchukua mbili nyingine. Mimi nilikuwa naogopa jua, kumbe nilikuwa namlisha mtu kwa kijiko.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nadhani ungemwambia karibu ndani, kiti hiki hapa.

Mimi nilikimbia kuchukua daftari.

Nilifurahi mno, ndiyo aibu yenyewe. Nilitoka nimelikumbatia, kalamu tayari, nikamwambia kwa Kihangaza cha kwetu Ngara, maana ile “mwarimu” yake ni lafudhi ya Kirundi na lugha hizo mbili zinasikilizana vizuri, kwamba ni dakika moja tu, jina, kijiji, namba ya kitambulisho, halafu tutafute barua ya mwenyekiti. Nilikuwa nimeinamia ukurasa natafuta mstari mtupu. Nilipoinua macho alikuwa ameshajitwika kikapu.

“Nilikuwa napumzika tu, mwarimu.”

Akaenda, wala hakugeuka.

Jumatano iliyofuata hakuja. Nilifunua ukurasa mapema na kuangalia njia. Ya pili hakuja. Sikufunua, nikihofia atakosa kurasa zake. Ya tatu, yaani wiki jana, benchi lilikaa tupu, na nikamwuliza Mama Kulwa kama anamjua.

Mama Kulwa ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na ulimi wake haupindi kona. Aliendelea kugeuza mihogo.

“Wewe si ulimtolea daftari?”

Nikasema ndiyo, ni utaratibu.

“Yule jina lake limeandikwa mara nyingi, dada. Kambini kwa wakimbizi liliandikwa. Kila lilipoandikwa, kesho yake anaambiwa ahame, au arudi, au asubiri. Wewe ukimletea kalamu unadhani anaona kitabu?” Akachota mihogo akaikung'uta mafuta. “Hata sisi, mtu akija kutuuliza tuna ng'ombe wangapi, tunamwambia wapo. Zizi halihesabiwi mbele ya mgeni.”

Nilikula muhogo nikiwa nimesimama, na uliniunguza mdomo, na nikaona ni haki yangu.

Kwetu Bugarama nimekua na watu wa namna hiyo. Nilisoma nao. Nakumbuka rafiki yangu wa darasa la nne alivyokuwa akiumwa tumbo kila mwalimu alipotoa karatasi za kujaza. Nilijua tangu utotoni, nikaja kusahau nilipopewa ufunguo wa mlango.

Tangu siku ile ya daftari ndipo mikono ilipoanza kusimama kwenye rafu. Nafuta vumbi, naona vitu. Naona ukuta wa mbele haupo, na vitabu vimetoka nje vyenyewe, vimekaa kwenye mabenchi, vinasubiri watu kama abiria. Naona rafu ndogo pale Nyakanazi, kwenye vibanda ambako watu hukaa saa nne nzima wakisubiri basi na hawana cha kufanya zaidi ya kuangalia malori. Mtu anaanza hadithi Nyakanazi, basi linakuja, anaondoka nayo, kitabu kinafika Ngara mjini, kinarudi baada ya mavuno kikiwa na harufu ya moshi wa jikoni kwa mtu. Naona watu wanasoma kwa sauti na hakuna anayesema “shh”. Naona mahali pa kutua mzigo. Hili la mzigo nalirudia kila mara, sijui kwa nini. Tumejenga maktaba ya watu wanaotembea kilomita nyingi na mizigo vichwani, na hatukuweka mahali pa kuitua.

Ni ndoto tu. Lakini benchi ninalo.

Basi leo, ndani ya ukungu, nilifungua mlango na kuuacha wazi. Daftari nikaliweka kwenye droo, nikaifunga. Nikatoa kitabu dirishani. Kioo bila kitabu kilionekana kitupu, nikaona ukungu hadi barabarani. Nikatoka na kitabu, nikakiweka kwenye benchi, kimefunuliwa pale alipoachia, na mimi nikakaa mwisho mwingine wa benchi nimeshika kikombe cha chai. Sikwenda ndani. Saa sita ilifika, sikufunga.

Naogopa kusema nilivyokuwa naomba. Nilikuwa naomba kama mtoto.

Alikuja saa saba, ukungu umeshainuka. Alipita mara ya kwanza bila kuangalia. Akapita mara ya pili akaangalia mikono yangu. Nadhani alikuwa anatafuta kalamu. Nilikuwa na kikombe tu.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akatua kikapu.

Alijifuta mikono kwenye kitenge, mara mbili, kisha akakigusa kitabu. Ni miezi mingapi amekuwa akikiona, na leo ndiyo mara ya kwanza anaigusa karatasi. Alisoma kwa kidole, midomo ikifuata, taratibu, namna ya mtu aliyefundishwa kusoma na katekista. Alipofika chini ya ukurasa wa pili akasimama. Mazoea. Nikanyoosha mkono nikamfunulia, akanitazama, akaendelea.

Baada ya kurasa nyingi akainua kichwa.

“Mwarimu, huyu kaka anarudi?”

Na hapa ndipo pa kukiri kweli. Sikujua. Kitabu nimekifuta vumbi, nimekipiga muhuri, nimekipa namba, nimekiweka dirishani, nimekifunua kila wiki kwa miezi mingi. Sijawahi kukisoma. Katika watu wawili tuliokaa kwenye benchi lile, msomaji alikuwa yeye.

Nikamwambia sijui. Nikashika kurasa za mwisho nimwangalilie, na yeye akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

“Usiangalie. Rakini nisomee, macho yamechoka.”

Kisha akasema, akiwa anaangalia njia na si mimi, kwamba yeye alikuwa na kaka. Waliachana mtoni, Ruvubu, wakati wa kuvuka kukimbilia huku. “Nilikuwa nimemshika mkono. Halafu nikawa sijamshika.” Nami sikumwuliza mwaka, wala kijiji, wala jina la kaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nimeacha kuuliza.

Nilisoma kwa sauti. Mwanzoni niliona haya, nikasoma kwa kunong'ona, Mama Kulwa akasema sisi wengine hatusikii. Nikapandisha sauti. Mwanamume mmoja aliyekuwa anampeleka mbuzi sokoni akasimama. Akauliza huyo binti wa nyuki ni wa wapi, Mama Kulwa akamwambia nyamaza, utajua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akakaa chini kwenye gunia lake la mahindi. Mihogo iliungua kidogo, hakuna aliyelalamika. Kuna mahali nilikosea neno na mwenye mbuzi akanirekebisha. Alikuwa anajua nyuki kuliko mwandishi.

Kwa utaratibu wangu wa zamani, wote wale ningewafukuza.

Hatukufika mwisho. Jua lilianza kwenda, na bibi ana mwendo mrefu. Akasimama, akaanza kupanga maharage yaliyobaki. Nilikitazama kitabu. Nakala ni moja. Hakuna mdhamini, hakuna barua, hakuna mstari uliojazwa. Niliwaza wageni wa wilayani na pongezi zao. Ikiwa hakitarudi, nitaeleza nini? Nitasema nilimpa bibi mmoja? Yupi? Siwadanganyi, nikawaza kumwambia aje tu Jumatano, tuendelee hapa hapa, taratibu, salama.

Nikafungua kikapu chake nikaweka kitabu katikati ya maharage.

Akatazama kikapu. Akanitazama.

“Hujaandika.”

“Sijaandika, bibi.”

Lori likapita, akangoja vumbi lake litulie. Kisha akainama karibu na sikio langu, akaniambia jina lake. Lote, la ubatizo na lile alilopewa na baba yake. Na la kaka yake, ingawa sikuuliza.

Akajitwika kikapu akaenda. Safari hii aligeuka mara moja, palipo na mti wa mkaratusi, nadhani ni kunihakikishia, au kuangalia kama nimeingia ndani kuchukua kalamu.

Sikuingia. Majina yale sitayaandika kwenye daftari, na hata hapa siyaandiki.

Wiki ijayo nitamwona mtendaji wa kata kuhusu saa za kufungua na hizi barua za mwenyekiti. Atauliza takwimu, nami sina. Nitamwambia wasomaji wapo.

Sasa gulio limeisha. Mama Kulwa anamwaga majivu. Nimekaa, naangalia dirisha tupu, na kuna jambo linanikera na sikulitegemea. Tuliishia pale ambapo binti amesikia mbwa wanabweka getini na hajui ni nani. Kitabu kiko njiani, ndani ya maharage, kinakwenda kijiji nisichokijua. Miaka yote hii nimekuwa mkutubi, na leo kwa mara ya kwanza ni mimi ninayesubiri kitabu.

Nani yuko getini?