Mashine ya Gatete Inasukumwa na Wawili

Salima wangu,

Sauti iliyobaki nami haitoki msibani. Ni ya mashine ya kukamulia mawese ya baba yako mdogo kule Gatete: chuma kinalia kwa kuvuta, kinanyamaza, kinalia tena, na katikati nasikika nikihema, kisha wewe unacheka. Ulirekodi kwa ile simu yako yenye kioo kilichopasuka, ukiwa umeibana kwenye fundo la kitenge. "Weye, usikimbie! Mashine iko na mwendo wake." Maneno hayo niliyakata nilipoitia sauti ndani ya mchezo wetu wa simu. Kicheko nilikiacha.

Mchezo umetoka, Salima. Watu wanaucheza kwenye simu zao na kuandika maoni chini yake. Na nina hasira. Naiweka simu kifudifudi mezani, halafu naigeuza tena kabla chai haijapoa.

Wewe ulisema wote watatutukana. Laiti. Matusi nayaelewa. Mmoja, anayesema yuko Nyanza-Lac, aliandika kwamba wasichana wa ziwani hawako hivyo na kwamba aliyechora hii alaaniwe. Aliyechora ni wewe, nawe huwezi tena kumjibu. Lakini angalau huyo ameona. Ameona kwamba wasichana wetu wa mchezoni, Asha na Belina, wanapendana.

Wanaonishinda ni wapole. "Hadithi nzuri ya urafiki, murakoze, asanteni." "Imenikumbusha mimi na dada yangu." Dada yake! Amesukuma mashine pamoja nao, amemwona Asha akimfuta Belina mawese shingoni kwa ncha ya kitenge, polepole, vile ulivyokuwa ukinifuta mimi, kisha anamkumbuka dada yake. Mwingine, kwa Kifaransa cha mbali, analalamika kwamba hakuna anayepigwa; anataka tuteseke zaidi ndipo aamini. Na binamu yangu Eriki, anayeucheza bila kujua ni kazi yetu, aliniambia akila ndagala kwetu: "Mchezo iko muzuri, lakini huyo Belina wangemufanya kijana, ingeisha vizuri." Mama akacheka. Mimi nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Yupo mmoja tu aliyeelewa. "Nilijibu 'mpenzi wangu'. Kwa mdomo sijawahi kulisema." Hakuandika zaidi. Namfikiria huyo kuliko wengine wote.

Unalikumbuka swali lenyewe, tulivyoligombania. Mwishoni mama yake Asha anaweka chakula mezani, anamtazama Belina, anamuuliza binti yake: "Huyu ni nani kwako?" Mchezaji anachagua: rafiki yangu, au mpenzi wangu. Mimi nilitaka jibu moja tu, la pili. Wewe ukakataa. "Mtu asipopata nafasi ya kukana, kukubali kwake kuna uzito gani?" Nikakuachia. Basi karibu wote wanachagua rafiki. Mama anatabasamu, wanakula, wasichana wanarudi kwenye mashine, muziki unapigwa. Wanaandika kwamba inaisha vizuri.

Inaisha vizuri!

Kwenye arobaini yako mimi sikuulizwa hata hilo swali. Shangazi yako wa Kabonga alinishika bega mbele ya wageni: "Huyu iko rafiki ya marehemu, mutoto muzuri, anatusaidia sana." Akanipa birika. Nikamimina chai, mstari mzima wa wanawake, nikirudi kila mara jikoni kulijaza. Mama yako alilia mikononi mwa watu wote isipokuwa mikononi mwangu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na birika. Na walipoondoka walisema shughuli imekwenda vizuri.

Niliporudi nyumbani niliifungua kazi yetu ili nilifute lile jibu la kwanza. Nilikuwa nimeshalichagua lote, limebaki kufutwa tu. Sikuweza. Ni lako, ulilipigania, na sina tena wa kugombana naye.

Jumamosi nikaenda Gatete. Nikamwomba baba yako mdogo aniachie mashine kidogo. Akasema, "Ngoja nikuitie mutu, hii kazi iko ya watu wawili." Nikasema hapana, baba mdogo, nataka peke yangu. Akanitazama sana. Akasogeza ndoo, akakaa pembeni.

Nilisukuma. Mti wa kusukumia ukasogea kidogo, chuma kikalia mara moja, kifupi, kikakwama. Nikaegemeza kifua chote. Kikalia tena, kifupi vilevile. Mafuta hayakutoka. Simu yangu ilikuwa ikirekodi kwenye fundo la kitenge, pale ulipokuwa ukiiweka yako.

Majibu yote mawili yamebaki, kama ulivyotaka. Ila anayejibu "rafiki yangu" hapati tena muziki. Anarudi kwenye mashine, Belina hayupo, na anasukuma akiisikia sauti ile niliyoitoa peke yangu, mpaka aufunge mchezo mwenyewe. Utasema nimekuwa mkali. Labda. Anaweza kurudi kwenye swali kila anapotaka, sisi hatuwezi.

Anayejibu lile jingine anasukuma na kusikia kicheko chako. Nakuahidi hakitaondoka hapo, hata waniombe namna gani.

Pumzika, mpenzi wangu. Mchezo uliobadilishwa niliutoa kwa watu leo asubuhi, kabla sijakaa kukuandikia.